Bi Tatu Aliyeonja Sufuria za Wagonjwa

Tarehe tisa Juni mwaka jana, asubuhi, alifariki Bi Tatu, muuguzi. Alikuwa na ulimi ambao sijaona mwingine wa namna yake. Angeweza kuonja mboga yako leo akakwambia presha yako itakuwaje mwezi ujao, na mara nyingi ikawa hivyo. Ulimi huo umekwenda naye.

Watu wengi walitaka kusikia kwamba aliuawa na presha, kwa kuwa alikuwa nesi wa presha na watu hupenda mambo yakae sawasawa. Hapana. Alikufa kwa ugonjwa wa ini. Presha yake nilimpima mimi mwenyewe wiki ile ya mwisho, ilikuwa nzuri kama ya msichana. Alipoona ninaandika akaniuliza, "Umeniacha nikae kwanza kabla ya kunipima?" Nikamwambia, "Bi Tatu, umelala tangu mwezi uliopita." Akasema basi sawa.

Mimi naitwa Minza. Nilikuwa mhudumu wa afya katika kituo kimoja upande wa Geita, njia ya kwenda Ushirombo, katikati ya machimbo ya dhahabu. Nimestaafu, niko nyumbani Didia na mbuzi wangu. Mganga mfawidhi wa sasa ameniomba niwaandikie ninyi wahudumu mlioajiriwa karibuni, akasema niandike uzoefu. Nimeishia darasa la saba na mafunzo mafupi ya kazini, kwa hiyo nikikosea jambo la kitabibu waulizeni waliosoma. Uzoefu sijui unaandikwaje. Nitamwandika Bi Tatu, nanyi mtaokota cha kuokota.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kupima presha, nami nikadhani nimepewa kazi nyepesi. Siku hizo tulikuwa na mashine ya zamani, ile yenye zebaki inayopanda kwenye kioo. Akaja kijana aliyetoka duarani moja kwa moja. Duara ndilo shimo lao la kuchimbia, na kutoka humo ni kupanda ngazi za magogo mpaka juu. Nikamfunga mkanda, nikapuliza, nikaona zebaki imesimama pale ambapo haitakiwi kusimama. Nilikimbia kumwita Bi Tatu nikisema huyu mtu anakufa. Akaja polepole, maana hakuwa mtu wa kukimbia. Akampa kijana kiti chenye mgongo, akamwambia aweke miguu chini asiikunje, akamwuliza kwao wapi. Kijana akasema Kishapu. Basi wakaongea habari za Kishapu, pamba, ng'ombe, jinsi mvua inavyowapita watu wa kule kama haiwajui. Kisha akamwambia sasa nyamaza. Wakakaa kimya, wote wawili. Akampima. Ilikuwa presha ya mtu mwenye afya kabisa.

"Umepima ngazi, Minza," akaniambia. "Sasa mpime mtu."

Mpaka leo sijui maneno mazuri zaidi ya kuwafundishia kazi hii. Mtu akifika, usimrukie na mkanda. Mwache akae, mkono wake uwe mezani usawa wa moyo, nguo isiwe katikati, awe amekwisha kwenda haja ndogo, na wakati wa kupima asiongee, hata kama ana habari nzuri. Mkanda nao uendane na mkono. Wachimbaji wale wana mikono kama mapaja ya watu wengine, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husema uongo wa kwenda juu. Mkanda mkubwa tulikuwa nao mmoja tu. Bi Tatu aliukunja ndani ya kanga yake na kuufungia kabatini kama watu wanavyofungia vyombo vya wageni.

Msidhani wagonjwa nao hawatoi uongo wao. Kulikuwa na jamaa aliyetaka kazi kwenye mgodi wa kampuni, presha ikamwangusha kwenye vipimo vyetu. Baada ya siku chache akarudi, ametulia, anatabasamu, presha safi. Bi Tatu akamshika mkono, akaugeuza, akamwambia, "Mkono wa mara ya kwanza ulikuwa na kovu la moto hapa. Msalimie kaka yako, mwambie aje mwenyewe, tumpe dawa." Yule mdogo mtu akainuka akatoka bila kuaga. Kaka akaja wiki iliyofuata, kwa aibu, na dawa akanywa.

Mashine ile ya zebaki nayo ilikuwa na wachumba. Wachimbaji hutumia zebaki kukamatia dhahabu kwenye mchanga, halafu huichoma kwenye moto ili dhahabu ibaki, na moshi wake wanauvuta wao. Walikuwa wakikaa kwenye benchi letu wakiitazama mashine kwa macho ya wivu. Mmoja akasema, "Nesi, mkichoka nayo hiyo, mtuuzie utumbo wake." Bi Tatu akamjibu kwamba utumbo huo ndio unaokula figo zao, na kama ana haraka ya kuliwa aendelee. Aliwaambia hivyo kila mara, bila kuchoka. Wachache walisikia, wakaanza kuchomea mbali na nyumba na kuziba pua. Wachache si haba.

Sasa niwaeleze neno ambalo ninyi pia mtalisikia, kama bado hamjalisikia. Neno lenyewe ni "damu yetu".

Lilianzia kwenye semina. Alikuja mtaalamu kutoka mbali, mtu mpole, mwenye kujali, akatufundisha mambo ya presha na figo. Akasema imeonekana kwamba watu weusi hupata presha mapema kuliko weupe, miili yao hushikilia chumvi zaidi, figo zao huumia haraka, na kuna dawa ambayo ikitumika peke yake kwao haifanyi kazi vizuri kama kwa wengine. Tulikuwa tunaitikia kwa vichwa, wote. Ipo raha fulani katika kuambiwa kwamba kosa ni la damu. Hakuna anayeulizwa swali baada ya hapo, wala nesi, wala mgonjwa, wala anayechoma zebaki karibu na kisima.

Bi Tatu aliinua mkono. Alimwuliza kwa adabu wale watu weusi waliopimwa walikuwa wanaishi wapi na walikuwa wanakula nini. Mtaalamu yule, namheshimu kwa hili, hakujizungusha. Alisema wengi walikuwa Marekani, na kuhusu chakula chao na maisha yao, na shida zao za huko, hilo ni swali zuri ambalo hata wenzake wanabishana juu yake. Bi Tatu akamshukuru akakaa.

Tulipokuwa tunatoka nikamwuliza kama hakuamini. Akasema ameamini yale aliyoambiwa, kwamba kundi lile lilipimwa likawa vile. "Lakini mimi sijawahi kulifunga kundi mkanda, Minza," akasema. "Anakuja mtu mmoja, anakaa kwenye kiti."

Tena hakuwa mtu wa kukataa jambo kwa sababu limetoka mbali. Lile la dawa alilichukua. Alizungumza na daktari wetu, wakaanza kuwapa wagonjwa wengi dawa ya kulegeza mishipa na ile ya kukojoza kabla ya nyingine, na kweli wengi presha zao zikashuka. Alisema anayekataa dawa nzuri kwa ajili ya kiburi ni sawa na anayeimeza bila kuuliza.

Sisi wengine tulichukua neno tu. Mgonjwa akija presha haijashuka, tunasema ndiyo damu yetu. Wagonjwa nao wakalipenda. Ukimwuliza mzee mbona presha iko vile vile, anakujibu yeye mwenyewe kwa utulivu, damu yetu hii, mwanangu.

Aliyekuwa akilisema sana ni Mama Kulwa.

Jina lake ni Nyamizi, ila ana mapacha, Kulwa na Doto, ambao wakati huo walikuwa chekechea. Alikuwa mama ntilie mwaloni, yaani pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, akiwapikia wachimbaji ugali na maharage. Mume alihamia machimbo mengine na hakurudi. Mwanamke mwembamba kama ufito, mchangamfu, na presha yake ilikuwa ya kutisha. Alikuja kila tarehe yake, dawa alikunywa, hilo tulikuwa na hakika nalo kwa sababu Bi Tatu alihesabu vidonge vilivyobaki. Chumvi alisema ameacha. Presha haikushuka. Na mkojo wake ulianza kuonyesha protini, ambayo ni dalili kwamba figo zinavuja. Jamani, hapo ndipo mtu anatakiwa aogope. Figo zikifa, huku kwetu maana yake ni safari za Mwanza za kusafishwa damu kwenye mashine kila wiki, na mama ntilie mwenye mapacha hana wiki za namna hiyo. Sote tulijua Kulwa na Doto hawana mtu mwingine.

"Ndiyo damu yetu, Nesi," Mama Kulwa akasema, akifunga dawa zake kwenye pindo la kanga.

Bi Tatu akamwuliza, "Unapika wapi?"

Hiyo ilikuwa njia yake ya kazi, na sikuwahi kumwona mtu mwingine akiifanya. Akishindwa kumwelewa mgonjwa hapa kituoni, alikwenda kukaa jikoni kwake. Alizaliwa Tabora mjini, lakini alikuwa amejifunza kwamba kwa Wasukuma mgeni aliyekuta chungu motoni hafukuzwi, naye aliitumia desturi hiyo bila huruma. Tulikwenda pamoja siku ya mapumziko. Karasha zilikuwa zinasaga mawe kwa kelele, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Bi Tatu akasalimia Kisukuma chake cha Kinyamwezi, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, wachimbaji wakacheka, akakaa kwenye kigoda akaomba kijiko.

Akaonja maharage. Akafumba macho kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa mbali.

"Chumvi hamna," akasema. "Umesema kweli. Lakini kuna kitu."

"Hamna kitu, Nesi. Maji, maharage, kitunguu, mafuta."

"Na nini tena?"

"Na magadi." Alisema kama vile mtu angetaja moto.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, Msukuma niliyekula magadi tangu nilipoota meno, nikashangaa Bi Tatu anashangaa nini. Magadi kwetu hayahesabiwi katika chakula. Unayatia kwenye mlenda uvutike, unayatia kwenye maharage yaive upesi, mkaa usiishe. Ni kama kuni. Nani anaulizwa kituoni anatumia kuni kiasi gani? Na sisi kituoni tulikuwa tumewauliza watu miaka yote ile, unatumia chumvi? Wakajibu hawatumii, wakarudi nyumbani wakachota magadi kwa kiganja, na hakuna aliyedanganya. Baadaye daktari alitufafanulia kwamba kile kitu ndani ya chumvi kinachopandisha presha kimo ndani ya magadi pia, tena kingi. Kwa mgonjwa wa presha, chumvi na magadi ni ndugu wa tumbo moja.

Bi Tatu hakumkemea. Alimwuliza tu yeye mwenyewe anakula nini.

"Mimi sili, Nesi. Nitakula saa ngapi? Naonja tu."

Alikuwa anaonja tangu alfajiri, kila sufuria, kijiko juu ya kijiko, na jioni anakwangua ukoko wa chini ambako magadi yote yamekaa. Kisha Bi Tatu akainua macho akaona, juu ya rafu ya mbao, chupa ya vidonge vya maumivu, vile vinavyouzwa popote. Akamwuliza anavinywa tangu lini.

"Tangu mgongo."

Nilicheka mimi, akacheka na yeye. Bi Tatu hakucheka. Alimweleza kwamba vidonge vile vikinywewa kila siku vinapiga figo, hasa figo za mwenye presha, akaichukua chupa nzima akaitia mfukoni. Halafu akakunja mikono ya gauni akamwonyesha namna ya kupika bila magadi: loweka maharage tangu jana, asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, funika vizuri, anza mapema, moto mdogo. Kulihitaji subira tu, na sufuria yenye kifuniko kinachokaa.

Wateja walilalamika. Mmoja alimwuliza Mama Kulwa kama siku hizi anapikia wafungwa. Yeye akaweka kibakuli cha chumvi kwenye meza, akawaambia, "Ile pale. Kila mtu na figo zake." Wakazoea. Wiki nzima haikupita bila Bi Tatu kupitia pale kuonja. Akikuta ladha imerudi, alinyamaza akaweka kijiko chini, na Mama Kulwa akajua. Akikuta mambo yako kama yanavyotakiwa, alikunja uso, akameza kwa shida, akasema, "Mabaya haya. Hongera."

Presha ikaanza kushuka. Lakini figo zilikuwa zimekwisha kuumia, na hapo ndipo ilipokuja habari ya mistari miwili.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Daktari Elia, kijana, mchapakazi, anayesikiliza. Alimpima Mama Kulwa damu kuangalia ile taka inayotoka kwenye misuli, ambayo figo nzima huichuja na figo mbovu huiacha ndani. Mashine ikapiga hesabu ya nguvu ya figo, ikatoa majibu mistari miwili. Tulikuwa tumezoea kuiona. Mmoja ulikuwa wa mtu asiye mweusi, mwingine wa mweusi wa Marekani, ndivyo ulivyoandikwa. Damu ile ile, figo zile zile, na mstari wa mweusi siku zote ulitoka na nguvu zaidi. Kwa mstari wa mweusi Mama Kulwa alikuwa bado upande wa kungoja. Kwa ule mwingine alikuwa amekwisha kuvuka pa kupelekwa Mwanza kwa wataalamu wa figo. Daktari, kama alivyofundishwa, kama walivyofundishwa wenzake wote, alisoma mstari wa mweusi. Akamwambia hali si mbaya sana, arudi baada ya miezi kadhaa.

Bi Tatu alikuwa mlangoni. Akasema, "Daktari, naomba niulize, mimi sijui."

"Uliza, mama."

"Kwa nini figo za mtu mweusi zinahesabiwa nzuri zaidi?"

Hakuuliza kwa mtego, naapa. Alitaka kujua, maana tuliambiwa kwenye semina figo zetu huumia haraka, na sasa karatasi inasema zina nguvu zaidi. Daktari Elia akaanza kueleza. Walioitengeneza hesabu ile, akasema, waliona weusi wa kwao wana taka nyingi katika damu hata figo zikiwa nzima, wakadhani ni kwa kuwa wana misuli mingi, kwa hiyo wakaongeza hesabu. Akawa anaeleza huku sauti inapungua. Kwenye benchi Mama Kulwa alikuwa amekaa karibu na mchimbaji aliyesubiri kufungwa kidonda, mmoja wa wale wa mkanda mkubwa. Daktari akamtazama mchimbaji. Akamtazama Mama Kulwa, mifupa ya mabega imesimama. Wote weusi.

Akaweka kalamu mezani. "Ngoja nimpigie mwalimu wangu," akasema.

Vijana, nimewaona madaktari wengi. Yule nilimpenda tangu siku hiyo. Ni rahisi kuendelea kusoma ulivyoanza kusoma, hasa watu wakiwa wanakutazama. Alitoka nje na simu, akasimama kwenye jua kwa muda, akarudi. Alisema mwalimu wake amemwambia ile nyongeza ya rangi ilitoka kwa watu wa kule na haikuwahi kuthibitishwa kwa watu wa huku, na hata huko kwenyewe wameanza kuiondoa. Kisha akamgeukia Mama Kulwa akamwambia mbele yetu sote, "Mama, nilikusomea mstari ambao si wako. Unakwenda Mwanza wiki hii."

Mama Kulwa akakataa.

Hatukutarajia. Alisema kwa upole kwamba haoni sababu. Sisi wenyewe tulimwambia ni damu yetu, tena tulimwambia kwa miaka. Sasa damu nayo inatibiwa Mwanza? Kama ni ya kuzaliwa nayo, yeye atabaki na wanawe, apike, mpaka siku itakapofika. Nilitazama sakafu. Lile neno tuliloliokota kwenye semina kwa ajili ya kupumzika na maswali, yeye alikuwa amelichukua kama hukumu.

Bi Tatu akasogeza kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana.

"Mayu," akasema, "damu yako naijua, nimeitoa mimi kwa sindano. Haina kabila. Ina magadi."

Mama Kulwa akacheka, kicheko cha puani kwanza, kisha cha kweli, mpaka mchimbaji mwenye kidonda naye akacheka bila kujua anacheka nini. Akauliza nani atakaa na watoto. Nikasema mimi. Wakakaa kwangu mpaka aliporudi, na kila siku walilalamikia maharage yangu, maana na mimi nilikuwa nimeacha magadi, lakini sikuwa na mkono wa mama yao.

Mwanza walikuta figo zimeumia, hazijafa. Wakabadilisha dawa, wakamwongeza ile ya kuzuia protini kuvuja, wakampangia tarehe. Sitawadanganya kwamba alipona. Figo iliyokufa hairudi, kama jino. Zilizobaki zilibaki, na mpaka leo anaishi nazo, na mashine ya kusafisha damu hajaiona. Kulwa na Doto wako sekondari. Kama ilikuwa ni magadi, au vidonge vya mgongo, au dawa, au kwenda mapema, siwezi kusema, na Bi Tatu hakuwahi kusema. Mtu akimsifia alisema aliyeacha magadi ni Mama Kulwa, na aliyepiga simu ni daktari, yeye alikula maharage tu. Tena wapo waliosomewa mstari ule kabla ya siku hiyo wakaambiwa warudi baada ya miezi. Hao hatuwezi kuwaita tena kwenye benchi. Bi Tatu aliwakumbuka. Alikuwa akiwataja kwa majina.

Siku hizi majibu yenu yanatoka mstari mmoja, wa watu wote, na mashine za presha ni za betri, hakuna mchimbaji anayezitamani utumbo. Ni maendeleo, nayafurahia. Lakini "damu yetu" bado ipo, nimeisikia mwezi uliopita hapa Didia, kwenye foleni ya zahanati. Sisemi damu haina chake. Sijasoma kiasi hicho. Ninachowaomba ni kwamba mkilisikia neno hilo, au likiwatoka wenyewe mdomoni mkiwa mmechoka, mwulizeni mgonjwa anapika wapi.

Bi Tatu alizikwa siku ile ile, alasiri, kwa taratibu za dini yake. Alikuwa amehamia Shinyanga mjini kwa mdogo wake baada ya kustaafu. Wanaume walipokwenda makaburini sisi wanawake tulibaki uani. Mama Kulwa aliingia jioni kutoka Geita, amejitwika sufuria yake mwenyewe yenye kifuniko, na mwiko ndani yake. Hakulia mbele ya watu. Alimsalimia dada mkubwa wa marehemu, shangazi mmoja kutoka Tabora akasalimiwa pia, kisha akaomba maharage ya kesho apewe yeye. Akayachambua, akayaloweka, akalala karibu nayo.

Asubuhi akawasha moto mdogo. Yule shangazi alipita mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kwa nini hayatiwi magadi, waombolezaji watakula kesho kutwa? Mama Kulwa akasema yataiva, mama. Mara ya pili akauliza chumvi iko wapi. Mama Kulwa akamwonyesha kibakuli alichokuwa amekiweka kwenye meza ya sahani. Shangazi akanitazama mimi, kama mtu anayetafuta shahidi, akaenda zake.

Maharage yalipoiva Mama Kulwa alifunua, akachota kidogo kwenye ncha ya mwiko. Akageuka huku na huku uani, akiwapita wanawake kwa macho, kama anamtafuta mtu. Kisha akaniona, akaninyooshea mwiko.

"Onja wewe," akasema.

Nikaonja. Nikakunja uso, nikameza.

"Mabaya haya," nikamwambia.

Akafunika sufuria, akavuta kuni moja nje ya moto.